Mbuzi wa Suluhu

Jumamosi moja jioni, watu wakiwa wanarudi kutoka sokoni Tengeru, mama mmoja wa usharika wetu alifika nyumbani kwa mmoja wetu akiwa na mtoto mgongoni na kanga amejifunika hadi usoni. Hakusema mengi. Tulipomwomba aondoe kanga, tuliona jicho limevimba na damu imekauka kando ya mdomo. Tulimpa chai, tukampa mahali pa kulala, na kesho yake baada ya ibada tukaketi kikao.

Tuliokaa siku ile tulikuwa saba. Wote tulikuwa wazee wa kanisa, na watatu kati yetu ni wazee wa ukoo vilevile, wanaoketi na washili wakati mambo ya ndoa na mipaka ya mashamba yanapoletwa. Huku kwetu chini ya Mlima Meru jambo hilo ni la kawaida: mtu yuleyule anayegawa vikombe siku ya Chakula cha Bwana ndiye anayeitwa na ukoo kuamua ugomvi wa ndugu.

Tulimwita mume. Alikuja, akainamisha kichwa, akasema ilikuwa pombe na hasira. Tulimkemea kwa maneno makali. Wazee wa ukoo wakamtoza faini ya mbuzi. Tuliwaambia washikane mikono, tukaomba, tukaimba pambio moja. Mbuzi alichinjwa siku ya tatu, tukala. Mama alikuwa amesharudi kwake. Tuliagana tukisema Bwana ametenda.

Miezi minne baadaye alipelekwa hospitali mkono umevunjika mahali pawili. Tulikwenda kumwona, na mmoja wetu akamwuliza kwa upole kwa nini hakutuambia kwamba mambo yameanza tena. Alijibu kwa sauti ya chini, bila hasira: "Niliwaambia mara ya kwanza. Mliniombea, mkala mbuzi, mkanirudisha."

Mpendwa msomaji, tumeandika makala hii kwa sababu ya sentensi ile. Hatukuandika ili kujitetea. Tunauliza swali ambalo kila kiongozi wa jamii anapaswa kujiuliza, awe mzee wa kanisa, mshili, laigwanani au balozi wa nyumba kumi: tunapoketi kupatanisha nyumba yenye kipigo, tunailinda amani ya nani?

Tulichorithi

Wako wanaosema kwamba ubaya wote umetoka katika mila, na dawa yake ni kuziacha mila na kuwaachia polisi na mahakama kazi hii. Wako wengine wanaosema kwamba zamani hapakuwa na kipigo, na kwamba mambo haya yameletwa na mji, simu na pombe kali. Sisi tuliokaa na wazee wetu tunajua kwamba kauli zote mbili zina kasoro.

Zamani kipigo kilikuwepo. Mume alipewa mamlaka makubwa, na wengi waliamini kwamba kumwadhibu mke ni sehemu ya kuitunza nyumba. Lakini mila hiyohiyo iliyompa mume mamlaka iliweka na walinzi. Binti aliyeolewa hakufutwa katika ukoo wake. Akipigwa alikimbilia kwa baba yake, na hakurudishwa mpaka mume amekuja na wazee wake kujieleza. Mahari ilizifunga koo mbili, na koo hizo ziliitazama ndoa kwa macho mawili. Boma la mume lilikuwa limezungukwa na la baba yake na ya kaka zake, na mama mkwe alisikia kila sauti. Kwa Waarusha palikuwa pia na rika, na mtu aliyejiaibisha aliwaaibisha wenzake wote waliotahiriwa pamoja naye.

Sasa tazameni kilichotokea. Ardhi ya mlimani imekwisha. Shamba la babu lililokuwa la ekari kadhaa limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata leo kijana anarithi migomba ya kuhesabu kwa vidole. Binti akirudi nyumbani amepigwa, kaka zake wanamtazama kama mtu aliyekuja kugombania kipande cha mwisho. Wengine wamehamia mjini, Ngarenaro, Sakina au Kwa Mrombo, wanapanga chumba kimoja ambamo jirani wa ukuta wa pili hajulikani hata jina. Mahari inalipwa, pengine kwa simu, lakini koo hazitazamani tena.

Kwa hiyo sehemu moja ya mila imebaki na nyingine imepotea. Mamlaka ya mume tumeyahifadhi vizuri kabisa, hata tumeyapa mistari ya Biblia. Ulinzi wa ukoo umetuponyoka mikononi. Mwanamke wa leo chini ya mlima huu anabeba mzigo wa bibi yake bila kuwa na mahali pa kukimbilia palipokuwa pa bibi yake. Hapo ndipo kiongozi wa jamii anapohitajika kuliko zamani.

Kuna jambo jingine tulilorithi ambalo ni lazima tulitazame bila aibu. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyeishi na Waarusha katika miaka ya 1950 na kuandika juu ya mashauri yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1963, alieleza kwamba kikao cha Waarusha hakikuwa na hakimu mwenye nguvu ya kulazimisha. Kila upande ulikuja na watu wake, wa ukoo au wa rika, wakazungumza na kuvutana mpaka wakapatana. Ni njia nzuri. Inawaacha watu wakiwa bado majirani. Lakini katika mvutano kama huo, mwenye watu wengi na hoja nyingi hupata zaidi, na asiye na watu hupata kidogo. Mwanamke, ambaye kwa desturi husemewa na baba au kaka zake, akija bila kusindikizwa amekuja akiwa ameshindwa kabla ya kikao kuanza. Siku ile tulikuwa saba na mume alikuwa wa nane. Yeye alikuwa peke yake, na mtoto mgongoni.

Daudi alikasirika

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, tunasoma habari za Tamari binti Daudi. Amnoni, mwana mwingine wa Daudi, alimnajisi, kisha akamfukuza. Sura hiyo haihubiriwi mara nyingi katika sharika zetu, na tunadhani tunajua sababu. Inatuhusu mno.

Tazama wanaume wawili waliokuwa na wajibu wa kumlinda. Absalomu, kaka yake, alimshauri anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Daudi, mfalme na baba, alisikia yote akakasirika sana. Basi. Andiko halitaji tendo lolote la Daudi baada ya hasira hiyo. Hakumwita Amnoni, hakumwendea Tamari, hakusema neno mbele ya watu. Tamari akakaa nyumbani kwa kaka yake akiwa ukiwa. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni, na kutoka hapo ufalme ukaingia vitani, baba na mwana wakiwindana.

Tulipoisoma sura hii katika jumuiya yetu, mama mmoja mzee alisema jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Alisema Daudi hakuwa mtu mbaya siku ile. Alikasirika kweli. Tatizo ni kwamba alidhani hasira yake inatosha. Sisi nasi tulidhani maneno yetu makali kwa yule mume yanatosha. Tulikasirika, tukakemea, tukajisikia tumefanya kazi ya Mungu, na mwanamke akarudi palepale alipotoka.

Nabii Yeremia, katika sura ya 6, aliwalaumu viongozi wa siku zake kwa kulifunika jeraha la watu kijuujuu na kutangaza amani ambayo haikuwepo. Hakuwalaumu kwa kupenda amani. Aliwalaumu kwa kuitangaza kabla haijafika. Hili ndilo tulilolitenda: tulitangaza amani siku ya Jumapili, na nyumbani haikufika hata Jumatatu.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha jambo lenyewe. Tumefundishwa kwamba mpatanishi hukaa katikati, asiegemee upande wowote. Kwa watu wawili wanaogombania mpaka wa shamba, hilo ni sawa. Lakini kati ya anayepiga na anayepigwa hakuna katikati. Anayekaa pale ameshaegemea, kwa sababu mwenye nguvu hahitaji msaada wake na mnyonge anauhitaji leo. Mzee wa jamii kwanza husimama mbele ya aliyeumizwa, akawa ukuta. Akishahakikisha kwamba hakuna mkono utakaomfikia, ndipo anaweza kuanza kuzungumza juu ya amani, ikiwa aliyeumizwa anataka mazungumzo hayo. Mpangilio huu ukigeuzwa, kikao chote kinageuka kuwa njia ya heshima ya kumrudisha mtu kwenye kipigo.

Yanayosemwa kutupinga

Tulipoanza kusema hivi katika vikao, tulipingwa, na waliotupinga si watu wabaya. Tunapenda kuyachukua maneno yao kwa uzito.

Wa kwanza wanasema mambo ya nyumbani ni siri ya nyumbani. Wahenga wametuachia neno kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini wahenga haohao wamesema mficha maradhi kifo humwumbua. Sheria ya nchi nayo imeshalitoa jambo hili sirini siku nyingi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, hata kama desturi inasema vinginevyo. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Wengi wetu tumefunga ndoa chini ya sheria hiyo na hatujawahi kusomewa kifungu hicho siku ya mafundisho ya ndoa. Na jambo lenyewe si la nyumba chache. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wameshapigwa tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake walikubali kwamba ziko sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Maumivu hayo yamefundishwa mpaka yameaminika na wanaoyabeba. Hesabu wanawake walioketi upande wa pili wa kanisa Jumapili ijayo, kisha uulize kama hii bado ni siri ya nyumba moja.

Sisi wa mlima huu tunajua pia namna jamii inavyosimama ikiona jambo ni lake. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, na nyumba zikachomwa. Wazee wetu walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Hatujasikia kwamba mzee yeyote aliwaambia waliochomewa nyumba wavumilie kwa ajili ya amani. Watu waliona kuwa mmoja akifukuzwa nyumbani kwake, wote wamefukuzwa. Basi mwanamke anayelala kwenye migomba usiku kwa kuogopa mumewe naye amefukuzwa nyumbani kwake. Nani anachanga kwa ajili yake?

Wa pili wanasema tukienda polisi tutazivunja familia. Mume akifungwa, nani atalipa ada? Nani atalima? Swali hili ni zito, na mara nyingi linaulizwa na wanawake wenyewe. Hatuna jibu jepesi. Tunasema hivi tu: familia ilivunjwa na mkono uliopiga, na anayekwenda kutoa taarifa hakuivunja. Na pale mama anapoogopa njaa kuliko kipigo, hofu hiyo inatuhukumu sisi, kwa kuwa inaonyesha kwamba anajua hatutamlisha. Ada ya mtoto na debe la mahindi ni sehemu ya ulinzi sawasawa na sala. Serikali haijatunyang'anya kikao pia. Sheria ya Ndoa hiyohiyo imeweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na mgogoro wa ndoa kwa kawaida hupitia huko kabla ya kuombwa talaka. Kuna mengi ya kusuluhisha katika ndoa: fedha, wakwe, wivu, malezi. Kuvunja mkono wa mtu ni jinai, na kikao cha wazee hakina uwezo wa kuigeuza jinai kuwa ugomvi wa kawaida.

Wa tatu wanasema Mkristo husamehe. Hili ndilo lililotusumbua kuliko yote, maana ni kweli. Lakini tumegundua kwamba tulikuwa tunachanganya mambo mawili. Kusamehe ni kazi ya Mungu ndani ya moyo wa aliyeumizwa, na hakuna kikao kinachoweza kumpangia tarehe. Kurudi kulala chini ya paa moja ni jambo jingine, linalohitaji uaminifu uliothibitika kwa muda. Mathayo sura ya 18, tunayoitumia sana kwa habari ya kusamehe, mapema kabisa inatoa onyo kali juu ya anayewakosesha wadogo. Kisha inaeleza hatua za kumwendea mkosaji, na kila hatua inaongeza mashahidi. Jambo linatolewa gizani kidogo kidogo mpaka linafika mbele ya kanisa zima. Sisi tuliifuata kinyumenyume: tulikuwa na mashahidi saba mwanzoni, tukamaliza kwa kumwacha mwanamke peke yake na mumewe.

Na tazameni toba ya Zakayo katika Luka 19. Yesu alikaribishwa nyumbani kwa furaha, lakini malipo yalikwenda kwa waliodhulumiwa, tena mara nne. Mbuzi wetu wa suluhu alikwenda wapi? Tulimla sisi. Aliyepigwa hakupata hata nauli ya kwenda hospitali. Faini inayoliwa na waamuzi inawapa waamuzi sababu ya kumaliza shauri haraka, hata kama hatukulifikiria hivyo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni chungu. Katika usharika wetu, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa. Alikaa bila kushiriki Meza ya Bwana mpaka aliporudi kundini mbele ya watu wote, macho yakimtazama. Tumepitia kumbukumbu zetu za kichwa, wazee kwa vijana, na hatukumbuki hata mara moja ambapo mtu aliyempiga mkewe alitengwa. Wengine walikuwa wakipitisha sahani ya sadaka. Nidhamu ya kanisa ilikuwepo, na tulijua kuitumia. Tulichagua nani aionje.

Wengine waliotutangulia

Tumejipa moyo kwa kusikia habari za watu wa mbali na wa karibu ambao jamii zao zilichukua uongozi.

Katika mji mdogo wa Fitzroy Crossing, magharibi mwa Australia, wanawake wa Kiaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile, walichoka kuzika watu wao na kuuguza majeraha ya ulevi. Mwaka 2007, wakiongozwa na akina June Oscar wa kituo cha wanawake cha Marninwarntikura, waliiomba serikali izuie kuuzwa kwa pombe kali ya kubeba kwenda nayo nyumbani. Walipingwa na baadhi ya watu wao wenyewe. Waliendelea, zuio likawekwa, na madhara ya ulevi yakapungua. Tunajifunza kwamba hawakusubiri mtu wa nje awaambie kwamba watoto wao wanaumia. Waliijua jamii yao, wakaipenda kiasi cha kuisema waziwazi. Nasi tunazijua nyumba zinazouza gongo katika vijiji vyetu, na tunajua ni nani hutoka huko Jumamosi usiku.

Karibu zaidi, Kampala, shirika la Raising Voices lilianzisha mpango unaoitwa SASA!, ambao wanajamii wa kawaida, pamoja na viongozi wa mitaa na wa dini, walizungumza na jirani zao kwa miaka kadhaa juu ya nguvu na namna inavyotumiwa ndani ya nyumba. Watafiti waliilinganisha mitaa iliyofuata mpango huo na mingine ambayo ilikuwa bado, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kipigo cha wanawake kilikuwa pungufu kwa takribani nusu katika mitaa ile. Kazi kubwa ilifanywa na jirani kwa jirani, kinyozi, mshonaji na mama wa sokoni.

Hapa nchini, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18 na watu wengi wakauita MTAKUWWA, ulitaka kamati za ulinzi ziwepo mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo simu ya bure ya msaada kwa mtoto, namba 116. Vyombo hivi vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumsindikiza mama kutoka kwenye migomba mpaka mlangoni pa dawati, na kumngojea nje.

Tunachofanya sasa

Tumebadilisha mambo machache. Hatuyaandiki kwa kujisifu, maana tumechelewa.

Mama akija kwetu, husikilizwa peke yake na wanawake wawili wa usharika, kabla mume hajaitwa. Swali la kwanza tunalojiuliza kikaoni ni hili: je, usiku wa leo atalala salama, yeye na watoto? Mpaka lijibiwe, hakuna swali la pili. Familia tatu zimekubali kuwa mahali pa kukimbilia, na majina yao yanajulikana na wachache tu. Palipo na jeraha tunamsindikiza kuchukua fomu ya PF3 polisi na kwenda hospitali, na tunamweleza haki yake ya kushitaki. Uamuzi ni wake, ila pale mtoto anapoumizwa hatusubiri ruhusa ya mtu. Faini ya kuliwa tumeiondoa. Kama mume anatozwa kitu, kinakwenda kwa matibabu na kwa watoto.

Na mume je? Tumewaomba wanaume wa umri wake wamwendee. Kwa familia za Kiarusha tunawatumia wa rika lake, kwa Wameru wa ukoo wake. Wanamfuata nyumbani, wiki baada ya wiki, wakimwuliza maswali ambayo mchungaji hawezi kuuliza. Tumeona mtu aliyemzoea afisa wa polisi akitetemeka mbele ya wenzake wa rika. Hapa mila imetusaidia kweli, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Anayekataa kuacha kipigo hasogei Mezani, na usharika unaambiwa kwa nini. Tumeanza pia kuwafundisha vijana wa kipaimara, wavulana na wasichana pamoja, kwamba Efeso sura ya 5 inaanza kuongelea ndoa kwa kuwataka wote wanyenyekeane, na kwamba upendo wa Kristo kwa kanisa ulimpeleka yeye kuumia, haukumfanya aumize.

Hatujafaulu kila mahali. Mzee mmoja alijiuzulu akisema tumewapa wanawake kichwa. Mama mmoja tuliyemsindikiza alirudi kwa mumewe kabla hatujamaliza, na tunamtembelea tukiogopa. Mtu wa ukoo mmoja wetu alipokuwa ndiye mkosaji, tuligundua jinsi ulimi unavyokuwa mzito. Ndiyo maana tumeandika kwamba mzee asikae kwenye shauri la ndugu yake.

Yule mama wa Jumamosi hakurudi kwa mumewe. Kaka zake, baada ya kuvutana na wazee kwa miezi mingi, walimkatia kipande kidogo kwenye shamba la baba yao, akajenga chumba. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo, na sasa anauza ndizi Tengeru Jumatano na Jumamosi. Kwenye sikukuu ya mavuno iliyopita alileta mkungu mkubwa, ukanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mmoja wetu aliushinda mnada. Alipokwenda kuuchukua, yule mama alitutazama sote tuliokuwa tumesimama pale kwenye meza ya sadaka.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Siku hizi kikaoni mnakula nini?"

Tukamjibu kwamba tunakunywa chai. Akacheka, akarudi kwa wenzake. Hatujui kama ametusamehe, na hatujamwuliza.